Nimefungua belo Mwanga nikakuta mavazi kama ya askari wa kutuliza ghasia, saizi za baba na za watoto. Ni ya kazi gani?

#1 MamaMali_Mwanga

Wakuu, habari za jioni.

Nauza mitumba soko la Mwanga hapa Kigoma, mwaka wa tisa sasa. Jana nimefungua belo la "michezo mchanganyiko" lililotoka Dar kwa lori. Nilitarajia jezi, bukta na raba. Jezi zimo, tena pana kama kanzu. Ila zaidi ya nusu ya mzigo ni vitu ambavyo mimi na wenzangu wote wa meza za jirani hatujawahi kuvishika.

Kuna kitu kama koti lisilo na tumbo: mabegani vikombe vya plastiki ngumu, kifuani na mgongoni sifongo. Kuna bukta nene ambayo ukiiweka chini inasimama yenyewe. Kuna kinga za miguu zinazoanzia gotini hadi karibu na kifundo, mbele zina gamba kama la kobe. Glavu zina vidole vinene kama ndizi za mkono wa tembo. Kuna kola za kitambaa kigumu zinazofungwa nyuma ya shingo. Helmeti saba, tano zina wavu wa chuma usoni. Na kuna glavu moja, moja tu, ambayo mgongoni imeshikizwa ubao mpana wa mstatili, kama sinia.

Kinachonichanganya zaidi ni saizi. Zipo za mwanaume mwenye kifua kipana, na zipo za mtoto wa miaka mitano au sita. Ndani ya helmeti ndogo kuliko zote kuna jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake namba 17.

Kijana anayenisaidia anasema ni vya bodaboda. Leo asubuhi dereva mmoja kanitajia elfu kumi na tano kwa helmeti mbili ndogo, ana watoto wawili anawapeleka shule kila siku kwa pikipiki. Sijampa. Nimemwambia aje keshokutwa. Nataka nijue kwanza ninamuuzia nini mzazi mwenzangu.

#2 DagaaMkavu

Vya FFU hivyo dada. Kaa navyo mbali, wakivikuta mezani kwako utajieleza.

#3 Gungu_Juu

@DagaaMkavu FFU wa miaka mitano? Anatuliza ghasia za chekechea? 😂

Mama, hivyo ni vya hoki. Niliona kwenye televisheni.

#4 Mzee_wa_Reli

Wanangu, hoki naijua, nimeishi Dar ujana wangu wote na nilikuwa naenda kuitazama. Hoki inachezwa kwenye nyasi kwa gongo na kampira kadogo. Taifa letu lilifika mpaka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Tulifungwa na India 18 kwa 0, sina haja ya kuficha, lakini tulifika. Wachezaji wetu walivaa bukta na fulana, golikipa peke yake ndiye aliyejifunga makinga. Kwa hiyo mavazi aliyoeleza mama si ya hoki. Nadhani ni ya ule mpira wa Wamarekani wa kugombania kwa mikono.

#5 MsomaMagazeti

Shikamoo mzee. Hizo 18 umezikumbuka sawasawa. Ila hoki ziko mbili. Kuna ya nyasi na kuna ya barafu, na hii ya barafu ndiyo yenye makinga mwili mzima. Mpira wa Wamarekani nao una mabega ya plastiki, lakini hauna bukta nene ya kusimama yenyewe wala hizo glavu.

#6 Mzee_wa_Reli

Marahaba. Barafu gani inayobeba watu wazima wanakimbizana juu yake? Mimi barafu ninayoijua ni ya kulazia migebuka pale Kibirizi.

#7 Mkasulu_Winnipeg

Habari zenu ndugu zangu. Nimezaliwa Kasulu, sasa naishi Winnipeg, Kanada, mwaka wa kumi. Mama Mali, nimesoma maelezo yako huku natazama begi la mwanangu hapa sebuleni, vitu ni vilevile kimoja kimoja. Ni hoki ya barafu. Mzee, huku kuanzia Desemba maji ya mto yanaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Na kwenye viwanja vya ndani wanagandisha sakafu kwa mitambo hata kiangazi.

Watoto wangu wawili wanacheza, na mume wangu naye alijiunga na kundi la wazazi wanaocheza Jumapili usiku. Yeye alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hakuwahi kuona barafu nje ya friji. Kwa hiyo tuna mavazi ya baba na ya watoto kwenye nyumba moja, na belo lako naona limetoka kwenye familia kama yetu.

Nieleze kwa nini vimenenepa hivyo. Kinachochezwa si mpira, ni kisahani cha mpira mgumu, watoto wanakiita paki. Unene wake ni kama sentimita mbili na nusu, upana saba na nusu, uzito ni gramu 156 hadi 170. Kimegandishwa kabla ya mchezo ili kisidunde. Kikikupiga mfupa wa ugoko bila kinga, unalala chini. Halafu kuna gongo la mwenzako, kuna ukuta wa mbao kuzunguka uwanja, kuna barafu yenyewe ambayo ni ngumu kama sakafu ya saruji, na kuna vyuma vya viatu, vimenolewa.

Namna ya kuvaa: kwanza nguo ya ndani ya kubana, halafu kikombe cha kukinga sehemu za siri, kinga za miguu, soksi ndefu juu yake, bukta nene, viatu, mabega, viwiko, kola ya shingo, jezi, helmeti, mwisho glavu. Ndiyo maana jezi ni pana kama kanzu, inavaliwa juu ya hayo yote. Mwanangu mdogo mwanzoni nilikuwa natumia dakika ishirini kumvalisha, nikimaliza anasema anataka kwenda haja.

#8 Gungu_Juu

Asante dada wa Winnipeg. DagaaMkavu njoo uombe radhi kwa jeshi la polisi.

#9 DagaaMkavu

Nimekubali, si vya FFU. Ila hiyo glavu yenye sinia bado sijaelewa. Na kola ya shingo ni ya nini? Baridi?

#10 Fundi_Cherehani_Ujiji

Kola ni ya jasho. Nimeshona nguo za michezo, kola nene inazuia jasho lisishuke kwenye sifongo na kuiozesha.

#11 Gungu_Juu

Mimi nasema baridi. Hata madereva wa lori wa Makambako wanafunga shingo.

#12 MsomaMagazeti

Siyo jasho wala baridi. Ni vyuma vya viatu. Mwaka 1989 golikipa wa timu ya Buffalo ya Marekani, Clint Malarchuk, alikatwa shingo na kiatu cha mchezaji mbele ya watazamaji, akaokolewa na mhudumu wa timu aliyemkandamiza mshipa. Tarehe 28 Oktoba 2023, kule Sheffield Uingereza, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa vilevile na akafariki. Baada ya hapo shirikisho la hoki ya barafu la dunia lilifanya kinga ya shingo kuwa lazima kwenye mashindano yake, na Marekani wakailazimisha kwa watoto kuanzia Agosti 2024.

#13 Mkasulu_Winnipeg

@MsomaMagazeti ni kweli. Kwa watoto wa Kanada kola ilikuwa lazima tangu zamani, kabla ya msiba ule. Watu wazima ndio walikuwa wanaiona ya kitoto. Wiki ile ya Oktoba mume wangu alirudi kutoka mazoezini, akaenda moja kwa moja kwenye begi la mkubwa wetu, akatoa kola yake ya zamani na kujipima mbele ya kioo. Ilikuwa haimfiki. Kesho yake alinunua ya kwake.

Fundi, hata hivyo hujakosea sana, kola inakunywa jasho kweli, na nimeona wazazi wanaoifua kila wiki. Lakini ikate mkasi ujaribu. Nyingi zina tabaka la nyuzi zisizokatika kirahisi.

#14 Fundi_Cherehani_Ujiji

Mama Mali, nikipita Mwanga kesho naomba nijaribu moja kwa mkasi wangu. Ikikatika nalipa.

#15 MamaMali_Mwanga

Karibu fundi. Asanteni wote. Nimeziona kola nane.

Na nimekiona hicho kikombe pia. Viko vinne, viwili vimeshonewa ndani ya kaptula za kubana. Kijana wangu alidhani ni vikinga vya pua akavaa kimoja usoni 🙈

#16 MtuWaMnada

Mama, hizo kaptula za ndani zitoe mezani haraka. TBS, shirika la viwango, wamekataza nguo za ndani za mitumba, na mkaguzi hatakuuliza kama ni za hoki au za nini. Vikombe vyenyewe vya plastiki sijui watasemaje, lakini kaptula choma.

#17 Kobe_wa_Tabora

Nipo Tabora lakini uzi huu umenishika. Glavu yenye sinia: nadhani ni ya refa, anaandikia magoli pale juu.

#18 Gungu_Juu

Au ya kubebea vikombe vya maji wakati wa mapumziko.

#19 MsomaMagazeti

Ni ya golikipa. Mkono mmoja anashika gongo na kuzuia kwa huo ubao, mkono wa pili ana glavu ya kudakia. Wapigaji wakali paki yao inakwenda kasi kuliko basi lolote la barabarani: Zdeno Chára alipimwa mwaka 2012 akafikisha kilomita 175 kwa saa. Na ninyi mnaocheka, makipa wa zamani walidaka bila kinga ya uso. Jacques Plante wa Montreal alichanika uso kwa paki tarehe 1 Novemba 1959, akashonwa, akarudi uwanjani na barakoa aliyokuwa akiivaa mazoezini. Kocha wake hakuipenda. Hakuivua tena kirahisi.

Wachezaji wa kawaida ndio walichelewa. Bill Masterton wa Minnesota alianguka kichwa bila helmeti Januari 1968, akafa siku mbili baadaye. Pamoja na hayo ligi kubwa ya Amerika Kaskazini ililazimisha helmeti kwa wachezaji wapya mwaka 1979, na waliokuwa wameshasaini waliruhusiwa kuendelea kichwa wazi. Wa mwisho wao, Craig MacTavish, alistaafu 1997.

#20 Mzee_wa_Reli

Huyu kijana ana kichwa cha kumbukumbu. Miaka kumi na moja tangu mtu afe ndipo wanalazimisha? Sasa tusiwalaumu sana madereva wetu wa pikipiki.

#21 Boda_Katubuka

Mzee umetugusa.

Mimi ndiye niliyetaja hiyo elfu kumi na tano. Jirani kanionyesha uzi huu nikajiunga leo leo.

Nina watoto wawili, mmoja darasa la kwanza na mwingine chekechea. Mkubwa anakaa nyuma, mdogo mbele kwenye tanki. Mimi nina helmeti, wao hawana. Si kwamba sipendi. Nimezunguka mji huu, helmeti za pikipiki zipo za watu wazima tu. Nilimvalisha mkubwa ya kwangu, ikamzunguka kichwani kama ndoo, tukipita kwenye shimo inamfunika macho. Hizo za Mama Mali nilimjaribishia mdogo pale mezani, ikamkaa. Kwa mara ya kwanza nimeona kitu kimekaa kwenye kichwa cha mwanangu.

Kwa hiyo naomba mniambie bila kunizungusha: nimvalishe au nisimvalishe?

#22 FundiPikipiki_Mwanga

Usimvalishe. Nakuheshimu kaka, lakini sikiliza.

Nimepasua helmeti nyingi za ajali. Ya pikipiki ndani ina povu gumu jeupe, lile kama la boksi la televisheni. Kazi yake ni kusagika mara moja, inakula kishindo kikubwa, halafu unaitupa. Ya hoki jana nilikwenda kuibonyeza pale kwa Mama Mali, povu lake linarudi kama sifongo ya kandambili. Limetengenezwa lipigwe mara nyingi, vishindo vidogo vidogo. Kugonga lami kutoka kwenye pikipiki inayokimbia si kishindo kidogo. Halafu angalia ukanda wa kidevuni: unashikizwa kwa vifungo vya kubonyeza kama vya shati la mtoto mchanga. Ukivuta kwa nguvu vinaachia.

Ubaya wake mkubwa utauona kwako wewe. Ukishamvalisha utaongeza mwendo.

#23 NesiZamuYaUsiku

Nimefanya kazi wodi ya majeruhi kwenye mkoa huu na mwingine. Fundi anachosema juu ya povu nakikubali. Lakini watoto ninaowapokea hawakuanguka wote kwa mwendo mkali. Wengi pikipiki ilikuwa inapunguza kwenye mchanga, ikalala, mtoto akagonga kichwa kwenye jiwe au ukingo wa mtaro. Urefu wa anguko ni kama wa mtu anayeteleza. Sasa kitu kilichotengenezwa kwa mtu anayeteleza na kugonga barafu ngumu kama saruji, hakimsaidii hata kidogo mtoto anayeteleza na kugonga jiwe? Mimi siwezi kusema hapana.

Siitetei kwa barabara kuu. Nasema kati ya kichwa wazi na hiyo, kwa barabara ya mtaani, mimi ningemvalisha wangu.

#24 FundiPikipiki_Mwanga

@NesiZamuYaUsiku dada, na trafiki akimsimamisha? Hiyo si helmeti ya pikipiki.

#25 Boda_Katubuka

Trafiki ananisimamisha kila wiki na hajawahi kuuliza kichwa cha mwanangu, anauliza leseni.

#26 Mwalimu_Bangwe

Samahani niingilie. Tunajadili helmeti wakati mtoto wa chekechea anakaa kwenye tanki. Hapo kifua chake kiko kwenye usukani. Ukifunga breki ya ghafla, anayegonga usukani ni yeye, na nyuma yake uko wewe mwenye kilo themanini. Mtoto asikae mbele. Watembee.

#27 Boda_Katubuka

Mwalimu nakuheshimu. Ni kilomita nne na nusu, na mvua za Kigoma unazijua. Mama yao anaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda mwaloni. Nikiwaacha watembee wanavuka barabara ya lami peke yao.

#28 NesiZamuYaUsiku

Basi angalau mdogo akae katikati yako na mkubwa. Hilo halina gharama.

#29 Boda_Katubuka

Hilo nimelipokea. Kesho naanza.

#30 Mkasulu_Winnipeg

Kaka wa Katubuka, nimesoma post yako mara mbili. Huku wanatushauri tusimvalishe mtoto helmeti ya hoki hata kwenye baiskeli, wanasema kila moja ina kazi yake. Lakini huku dukani kuna ukuta mzima wa helmeti za baiskeli za watoto. Sitakuhukumu.

Mama Mali, naomba uangalie nyuma ya hizo helmeti kuna kibandiko. Kama kimeandikwa HECC, alama ya ukaguzi ya Marekani, kitakuwa na tarehe, kinga ile inahesabiwa miaka sita na nusu tangu kutengenezwa. Cha CSA cha Kanada hakiandikwi mwisho. Halafu uwashe tochi ya simu ndani ya ganda, uangalie mstari mwembamba. Ukiona ufa, hata kama ni wa unywele, hiyo si helmeti tena.

#31 Kobe_wa_Tabora

Ninachouliza mimi: kwa nini watu watupe vitu vizima hivi?

#32 MtuWaMnada

Watoto wanakua. Kila mwaka saizi mpya. Hata viatu vya shule ni hivyo.

#33 MsomaMagazeti

Kingine ni tarehe. Kibandiko kikiisha muda helmeti inahesabiwa imekwisha, hata iwe inang'aa.

#34 Fundi_Cherehani_Ujiji

Mimi nasema harufu. Leo nimepita pale kwa Mama Mali. Nimefungua lile koti la mabega, wallahi nimerudi nyuma hatua mbili. Dagaa aliyelala na mvua ana nafuu.

Kola nimeijaribu. Kitambaa cha juu kimekatika, ndani mkasi ukateleza kama unakata waya. Nimelipa na nimeichukua, nataka kuichunguza.

#35 DagaaMkavu

Waacheni dagaa jamani 😂

#36 Mkasulu_Winnipeg

Harufu ni kweli, kila mzazi huku anaijua, gari zima linanuka. Lakini hakuna anayetupa kwa ajili hiyo. Kawaida tunauziana au tunagawa. Sisi wenyewe tulianza kwa vya kupewa: mwalimu wa mkubwa wangu alileta begi lote mpaka mlangoni, la mwanawe aliyekua. Vinavyofika kwenye mabelo nadhani ni vilivyobaki kwenye maduka ya misaada bila mnunuzi. Au mtoto aliacha mchezo. Au alipigwa kichwa mara moja na mama akasema basi. Siwezi kujua.

Kuosha: maji vuguvugu na sabuni ya kawaida, suuza sana, anika kivulini penye upepo. Jua kali linaharibu plastiki. Usitie dawa ya madoa.

#37 NesiZamuYaUsiku

Na asivae mtu kabla havijaoshwa. Jasho la zamani linabeba vijidudu vya majipu. Mwenye kidonda kikavu mguuni anaweza kupata jipu baya.

#38 Gungu_Juu

Kwani Afrika nzima hakuna anayecheza huu mchezo tumuuzie kwa bei nzuri?

#39 MsomaMagazeti

Wapo, Nairobi. Timu inaitwa Kenya Ice Lions, wanacheza kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa. Uwanja ni mdogo kuliko wa kawaida. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa mchezo huo, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia. Wana watoto pia wanaojifunza, na vifaa ni shida kubwa kwao.

#40 Mzee_wa_Reli

Basi mama vifunge vyote uvipeleke Nairobi.

#41 MtuWaMnada

Nauli ya mzigo Kigoma mpaka Nairobi pamoja na forodha inazidi mtaji wa belo, mzee. Auze hapahapa kwa vipande.

#42 MamaMali_Mwanga

Nimerudi wakuu. Siku tatu sijalala vizuri kwa uzi huu.

Kinga za miguu nimeshauza kumi na mbili. Vijana wa mpira wa Ujiji walikuja, wakakuta saizi za watu wazima zinawafika mpaka juu ya goti, wakasema ni nzito, hawawezi kukimbia nazo. Zile za watoto ndizo zimewatosha, wamekata kile kipande cha goti. Kuna fundi wa kuchomelea kachukua glavu mbili, sijamshauri, sijui cheche zitafanya nini. Na mabega makubwa mawili kayachukua kijana anayefuga nyuki Uvinza, anasema atayavaa chini ya ovaroli.

Helmeti. Nilifanya kama dada alivyoelekeza, nikasubiri giza nikawasha tochi. Kati ya saba, mbili zina ufa karibu na skrubu za pembeni, huuoni mchana. Moja ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote kwa nje. Nimezipasua kwa nyundo mwenyewe ili asizichukue mtu jalalani. Kibandiko cha HECC kipo kwenye tatu, na mbili muda wake umepita.

#43 FundiPikipiki_Mwanga

Safi sana mama. Na hapo usisahau belo linavyogandamizwa kwa mashine. Ufa unaweza kuwa wa kule kwenye kufunga mzigo, si wa uwanjani. Maana yake hata hizi ambazo hazina ufa, povu lake limekaa miezi chini ya uzito gani?

#44 MtuWaMnada

Helmeti huwa hazigandamizwi na nguo. Zinawekwa mwisho, juu, au kwenye gunia lake.

#45 FundiPikipiki_Mwanga

Mama zilikuwa wapi ulipofungua?

#46 MamaMali_Mwanga

Tatu juu, nne katikati ya jezi.

#47 Boda_Katubuka

Na zile mbili ndogo?

#48 MamaMali_Mwanga

Moja ilikuwa juu kabisa. Haina ufa, kibandiko ni cha Kanada. Ile yenye namba 17 ilikuwa katikati.

#49 NesiZamuYaUsiku

Ya juu mimi bado nasema mpe.

#50 FundiPikipiki_Mwanga

Na mimi bado nasema asimpe. Kaka, nina mteja anakwenda Dar wiki ijayo na lori. Kariakoo helmeti za pikipiki za saizi ya watoto zipo. Nimemwomba aulize bei na anipigie picha ya kibandiko kabla hajanunua. Pima kichwa cha kila mtoto kwa futi ya fundi, juu ya nyusi, uzungushe nyuma, unitumie namba.

#51 Fundi_Cherehani_Ujiji

Futi ninayo. Apite kwangu Ujiji, sitatoza.

#52 Boda_Katubuka

Nimepima jioni hii. Mkubwa 52, mdogo 50. Fundi nimekutumia.

Mama Mali, ile ya juu niwekee mpaka lori lirudi. Ikifika ya Dar sitaichukua. Isipofika nitakuja tuzungumze.

#53 MamaMali_Mwanga

Nimeiweka chini ya meza, nimeiosha, inakauka. Elfu kumi na tano yako kaa nayo kwanza.

Dada wa Winnipeg, ile ya namba 17 siuzi. Niulizie tu huko, watoto wanaruhusiwa kuchagua namba wenyewe au wanapangiwa?

#54 Mkasulu_Winnipeg

Kwenye timu ya mwanangu walichagua. Wa kwangu alichukua 26 kwa sababu ndiyo tarehe tuliyotua.